Mwongozo wa Kuchagua na Kutumia Spreyi ya Pilipili kwa Kujilinda: Kwa Wenzetu Waishio Marekani

Maswali huniijia karibu kwa maneno yale yale. Dada aliyeanza kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee anauliza ni kopo lipi lenye nguvu kuliko yote. Kijana wa chuo anauliza kama anaweza kuagiza mtandaoni. Shemeji yangu naye aliuliza kwa nini asisage pilipili kichaa, akazichuja na kuzitia katika ile chupa ya kunyunyizia maji wakati wa kupiga pasi, gharama zikaishia hapo. Nimeona ni afadhali niwajibu wote mahali pamoja, nikiwalenga wanaoishi Marekani, kwa kuwa ndiko ninakoishi na ndiko spreyi hii inakouzwa madukani kama kitu cha kawaida. Walioko nchi nyingine wasome hatua ya kwanza mara mbili kabla ya kutoa fedha yoyote.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Spreyi ya pilipili humfumba mtu macho na kumkohoza kwa muda ili wewe upate nafasi ya kuondoka, na kazi yake inaishia hapo. Anayeinunua kwa nia ya kumtia adabu mkorofi atajikuta na kesi mbili, moja na mkorofi na nyingine na polisi. Tena, katika niliyoyaona, kinachowaangusha watu kwa kawaida si pilipili kukosa ukali, bali ni kidole gumba kisichojua njia na kopo lililolala chini kabisa ya mkoba, chini ya chaja, mtandio na risiti za mwezi uliopita.

Nadharia yake ni fupi. Ndani ya kopo mna mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye pilipili, na kinachowasha ni kapsaisini, ile ile iliyomo katika pilipili mbuzi. Aliyewahi kukatakata pilipili kisha akajifikicha jicho kwa kusahau anayo picha nusu ya habari hii. Nusu ya pili ni kwamba hapa dawa inatoka kwa msukumo wa gesi na inaingia machoni, puani na kooni kwa pamoja. Macho hufumba yenyewe, kamasi huchuruzika, kifua hubana. Kwa kawaida makali hupungua ndani ya dakika 30 hadi 45, ingawa ngozi inaweza kuendelea kuwaka kwa saa kadhaa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kopo moja la spreyi halisi, lenye lebo inayosomeka na tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Kopo moja la mazoezi la aina ile ile, ambalo ndani yake mna maji tu. Kampuni nyingi huyauza mawili haya kwa pamoja, na bei haipandi sana.
- Kibanio, mkanda wa mkononi au pete ya funguo inayoweza kuachia haraka.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au shampuu ya watoto, pamoja na taulo ambalo huna uchungu nalo.
- Uwanja wa nje usio na watu, na siku isiyo na upepo mkali.
- Nusu saa ya kusoma sheria ya jimbo lako. Hiki ndicho watu wanachokiruka.

Hatua ya 1: Soma sheria ya mahali ulipo

Spreyi ya pilipili inaruhusiwa kwa kujilinda katika majimbo yote 50 ya Marekani, lakini kila jimbo lina masharti yake, na rafiki yako aliyeko Texas hawezi kukushauri wewe uliyeko New York. Huko New York lazima uwe umetimiza miaka 18, usiwe umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, na ununue kwa muuza bunduki au mfamasia mwenye leseni. Massachusetts nako huuzwa na wauza silaha wenye leseni tu. California inaruhusu kopo lenye dawa isiyozidi aunsi 2.5, yaani takriban gramu 70. Florida inaishia aunsi 2. New Jersey inaishia robo tatu ya aunsi, ambayo ni gramu 21 hivi. Wisconsin ina kikomo cha gramu 60 na mafuta ya pilipili yasiyozidi asilimia 10. Tafuta tovuti rasmi ya jimbo lako usome mwenyewe, kwa kuwa masharti haya hubadilishwa, na muuzaji wa mtandaoni hatakuja kusimama nawe mahakamani.

Hata pale unaporuhusiwa kuimiliki, zipo sehemu usizoweza kuingia nayo: mahakama, majengo ya serikali kuu, shule nyingi, na hospitali au maghala ambayo kanuni zake za kazi zinaikataza. Ikiwa unafanya kazi ya zamu, muulize msimamizi wako kwa maandishi kabla ya kuibeba, maana nimemwona mtu akipoteza kazi kwa sababu ya kopo dogo lililoonekana kwenye kabati la wafanyakazi.

Safari zina kanuni zake. Ndani ya ndege huwezi kuingia nayo hata kidogo. Katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, kanuni za Marekani zinaruhusu kopo moja lisilozidi mililita 118 na lenye kizuizi cha kutojifyatua lenyewe, lakini mashirika kadhaa ya ndege yanakataa hata hilo, kwa hiyo uliza kwanza. Uingereza inaihesabu kuwa silaha iliyopigwa marufuku chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya 1968, na Kanada nayo hairuhusu spreyi iliyokusudiwa kwa binadamu. Wanaoishi Detroit au Buffalo na kuvuka mpaka kwenda arusi na misiba walitoe kopo ndani ya gari kabla hawajalifikia daraja. Ukienda likizo Mombasa au Dar es Salaam, iache nyumbani. Ruhusa ya jimbo lako inakomea mpakani.

Hapa pia niseme neno kwa wale ambao bado hawajapata uraia. Kumpulizia mtu katika ugomvi wa maneno, au kumpulizia aliyekwisha kugeuka kuondoka, ni shambulio kama shambulio jingine lolote, na hukumu ya jinai inaweza kugusa hati zako za uhamiaji. Kipimo cha sheria kwa ujumla ni kwamba uwe na sababu ya kweli ya kuamini kuwa unakaribia kudhuriwa hapo hapo.

Hatua ya 2: Chagua namna inavyotoka

Hili lina uzito kuliko ukali, na ndilo nitakalokaa nalo kwa muda.

Ipo inayotoka kama *mkondo*, mfano wa maji ya bastola ya watoto. Hufika takriban mita 3 hadi 4, hairudishwi kirahisi na upepo, lakini inakudai ulenge. Ipo ya *ukungu*, inayotawanyika kama dawa ya mbu. Haikudai shabaha nzuri, kwa kuwa inamfunika mtu uso mzima na kumwingia puani mara moja, ila upepo ukigeuka kidogo nawe umo, na ukiipuliza ndani ya lifti au kituo cha basi kilichozibwa kwa vioo, wote mtakohoa pamoja. Ipo ya *jeli*, nzito, inayonata usoni. Huweza kufika mita 5 au zaidi na ndiyo salama kuliko zote ukiwa ndani ya nyumba au kwenye upepo, lakini isipofika machoni haina kazi kubwa, maana haivutwi kwa pumzi kama ukungu, na inaweza kuchelewa kidogo kuanza kuwasha. Ya *povu* ipo pia, ila umbali wake ni mfupi na mimi simshauri anayeanza ainunue.

Kwa mtu anayesubiri basi usiku na kutembea kutoka maegeshoni hadi mlangoni, mimi husema mkondo au jeli. Kwa dereva wa teksi za simu ninasita hata kwa jeli, kwa sababu ndani ya gari huna pa kukimbilia na wewe ndiye unayeshika usukani. Kwake yeye kopo ni la kutumia baada ya kusimamisha gari na kutoka nje.

Hatua ya 3: Soma lebo, usisome tangazo

Kwenye kopo utaona takwimu tatu zinazochanganya watu. Ya kwanza ni asilimia ya mafuta ya pilipili, labda 10 au 18, ambayo inakueleza wingi wa mafuta, si ukali wake. Mafuta mengi ya pilipili hoho hayawezi kushindana na mafuta machache ya pilipili kichaa. Ya pili ni kipimo cha Scoville, yaani kipimo cha ukali wa pilipili, chenye mamilioni ya kupendeza macho, ambacho mara nyingi kimepimwa kwenye mafuta kabla hayajachanganywa. Ya tatu, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo, ni asilimia ya kapsaisini na jamaa zake, na hiyo ndiyo ya kuitazama. Spreyi za kujilinda kwa kawaida huwa kati ya asilimia 0.18 na 1.33. Kopo lisilotaja takwimu hii kabisa liache kwenye rafu.

Kisha tazama mambo mengine manne. Tarehe ya mwisho iwe mbali, kwa kuwa makopo mengi hudumu miaka 3 hadi 4 tu. Ukubwa wake ulingane na kiganja chako. Kopo la nusu aunsi linatosha kwa wengi. Kizuizi cha usalama kiwe kile unachoweza kukifungua gizani kwa kidole kimoja, iwe ni cha kuzungusha au cha kuinua kifuniko. Na kama lina rangi ya kumtia mtu alama ambayo polisi huiona kwa taa maalumu, ni nyongeza nzuri lakini isikufanye uache lililo bora.

Dukani utasikia wauzaji wakisema "mace" wakimaanisha yoyote kati ya hizi. Hilo ni jina la kampuni, na bidhaa yake ya kwanza ya miaka ya 1960 ilikuwa gesi ya machozi, si pilipili. Ukiambiwa jina hilo, bado soma lebo.

Na tafadhali usinunue spreyi ya dubu ukidhani umepata kubwa kwa bei nafuu. Imekusudiwa wanyama, imesajiliwa hivyo, na kuitumia kwa binadamu ni kukiuka maelekezo yake ya kisheria. Kuhusu chupa ya shemeji yangu: chembe za pilipili huziba tundu, chupa haina shinikizo la kufikisha dawa hata mita 2, mchanganyiko huoza, na hakuna sheria ya jimbo itakayokutambua kama mtu aliyebeba kifaa cha kujilinda kilichoruhusiwa.

Hatua ya 4: Lijaribu kopo nje

Siku ya kwanza, toka nje mahali pasipo na watu, jua upepo unatoka wapi, upe mgongo, kisha puliza kwa nusu sekunde tu kuelekea chini mbele yako. Ondoka kwa kurudi nyuma au pembeni, usitembee kuingia katika ulichokipuliza. Futa tundu kwa karatasi yenye spiriti, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chochote.

Mimi nililijaribu la kwanza kwenye maegesho ya nyumba yetu hapa Minneapolis, mwezi wa Machi, nikiwa na hakika kwamba hakuna upepo. Upepo ulizunguka kona ya jengo ukaniletea zawadi yangu. Nilikaa juu ya ngazi za mlango wa nyuma dakika 20 huku machozi na kamasi vikishindana, na jirani akaniuliza kama nimefiwa. Tangu hapo huinua kwanza karatasi nyembamba ya shashi juu ya kichwa nikaitazama inaelekea wapi.

Hatua ya 5: Chagua mahali pamoja pa kubebea, na usipabadilishe

Kopo likae mahali ambapo mkono wako wenye nguvu unaufikia bila macho kusaidia. Mfuko wa mbele wa koti ni mzuri. Mkanda wa mkononi ni bora zaidi unapotembea kutoka basini. Mkoba ndio mahali pabaya kuliko pote, isipokuwa kama umelibana juu kabisa kwenye mshikio wake, kwa nje.

Wanaovaa buibui au mtandio mrefu wahakikishe mkono unatoka nje ya nguo kwanza na kwamba kitambaa hakiwezi kuja mbele ya tundu wakati wa kuinua mkono, na hili halijulikani ila kwa kulifanya mbele ya kioo. Wenzetu waliotoka pwani wana mtihani wa pili, nao ni majira ya baridi. Novemba unabadilisha koti, na kopo linabaki katika koti la zamani, limening'inia kabatini mpaka Aprili. Unavaa glovu nene, na kizuizi ulichokifungua kwa urahisi mwezi wa Julai sasa hakishikiki. Jiwekee ada kwamba siku ya kutoa koti la baridi ndiyo siku ya kuhamisha kopo na kufanya mazoezi upya ukiwa na glovu mkononi.

Usiliache ndani ya gari. Wakati wa joto gari lililofungwa hupita nyuzi 49 za Selsiasi ambazo makopo mengi huonya zisizidi, na kopo linaweza kuvuja au kupasuka. Wakati wa baridi kali shinikizo hushuka na mkondo ukatoka kwa unyonge.

Hatua ya 6: Fundisha mkono

Chukua lile kopo la mazoezi lenye maji. Lishike kwa ngumi, vidole vinne vikilizunguka, na kidole gumba ndicho kiwe juu ya kibonyezo. Watu wengi hulishika kama manukato, wakibonyeza kwa kidole cha shahada, na kwa mshiko huo ni rahisi kunyang'anywa na ni rahisi pia tundu kugeukia upande wako. Tuta au mbonyeo uliomo kwenye kopo zuri utakueleza kwa kugusa tu tundu linatazama wapi.

Kisha fanya hivi, polepole kwanza: mkono unaingia mfukoni, unashika, unatoka, gumba linafungua kizuizi, mkono mwingine unanyooka mbele kifuani kama wa kumzuia mtu, unasema kwa sauti kubwa, unapuliza, unapiga hatua kwenda pembeni. Bandika karatasi ukutani kwa kimo cha uso wa mtu mzima na upulizie kutoka mita 3, ukipitisha mkondo kutoka sikio moja hadi jingine kwa usawa wa macho. Mara kumi kwa jioni moja zinatosha. Rudia kila baada ya miezi michache, na mara mojamoja rudia kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa siku hiyo huenda wa kulia umebeba mtoto.

Kopo lisimame wima unapopuliza. Mengi yana mrija unaofika chini kama wa chupa ya dawa ya mbu, na ukilipindua litatoa gesi tupu.

Hatua ya 7: Siku ya kulitumia

Anza na kuondoka, kama inawezekana. Vuka barabara, ingia dukani, rudi ndani ya basi. Ikishindikana na mtu anazidi kusogea, litoe kopo mapema, lifungue, simama upande, na useme kwa Kiingereza kifupi na kwa sauti ya kusikika mbali kwamba arudi nyuma. Sauti hiyo ina kazi mbili: baadhi ya watu huondoka hapo hapo, na wanaosikia watakuwa mashahidi kwamba ulionya. Lakini kama ameshakurukia usipoteze pumzi kwa maneno.

Puliza akiwa mita 2 hadi 3 mbali, usawa wa macho, kwa nusu sekunde hadi sekunde moja, huku unasogea pembeni. Usirudi nyuma moja kwa moja, maana aliyefumbwa macho huendelea kuja mbele kwa kasi aliyokuwa nayo na atakuangukia. Tazama. Kama bado anakuja, puliza tena. Kama amesimama na kujishika uso, acha na uondoke haraka, kwani kuendelea kumpulizia aliyekwisha kushindwa ndiko kunakogeuza kujilinda kuwa kosa. Jihadhari kupuliza mkondo wenye nguvu karibu chini ya mita 1, kwa sababu msukumo wake unaweza kuliumiza jicho lenyewe. Usitumie karibu na moto, kwani baadhi ya spreyi huchanganywa na spiriti.

Usisimame kutazama matokeo, wala kupiga picha.

Hatua ya 8: Baada ya kupuliza

Ukishafika mahali penye watu na mwanga, piga 911. Sema kwanza uko wapi, kisha kwamba umeshambuliwa na umetumia spreyi ya pilipili, kisha sura, nguo na upande alioelekea. Ikiwa Kiingereza kimekukimbia kwa sababu ya hofu, taja neno "Swahili" na uombe mkalimani. Vituo vingi huunganisha mkalimani kwa simu. Polisi wakifika, kopo lisiwe mkononi. Liweke chini, onyesha viganja vitupu, ndipo uwaeleze lilipo.

Kama nawe umepatwa, usijifikiche. Toa lensi za macho kama unavaa, pepesa macho mfululizo, simama penye hewa. Osha kwa maji baridi mengi na sabuni ya vyombo au shampuu ya watoto, kwa kuwa mafuta ya pilipili hayatoki kwa maji peke yake. Inamisha kichwa mbele na uoshe nywele na uso kwanza. Anayeingia moja kwa moja chini ya bomba la maji moto huyashusha mafuta yote mwilini hadi mahali ambapo hatapenda yafike. Usipake mafuta ya mgando wala losheni, yanaifungia dawa ndani ya ngozi. Wengi hukimbilia maziwa. Mwaka 2008 ulitangazwa utafiti uliolinganisha maziwa, maji, shampuu ya watoto, dawa ya tumbo ya maji na jeli ya ganzi, na hakuna kilichoonekana kupunguza maumivu kuliko kingine. Kilichosaidia zaidi ni muda kupita. Mama anyonyeshaye asimbebe mtoto kabla ya kuoga na kubadili nguo, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Mwenye pumu, au yeyote ambaye pumzi hairejei, apelekwe hospitali bila kungoja.

Mambo yanapokwenda mrama

*Kopo linadondosha matone badala ya kupuliza.* Ama tundu limeziba au gesi imeisha. Futa tundu kwa spiriti na ujaribu nje mara moja zaidi; likikataa, nunua jingine. Makopo mengi hupoteza gesi taratibu hata bila kutumika, na ndiyo sababu tarehe iliyoandikwa chini yake ni ya kuheshimiwa.

*Nilimpulizia na hakusimama.* Hutokea. Pengine dawa ilipiga kifua au miwani, pengine mtu amelewa au amechanganyikiwa kiasi cha kutosikia maumivu, na pengine ilihitaji sekunde chache zaidi. Ndiyo maana hatua ya pembeni na safari ya kuondoka huanza pamoja na kupuliza, hazisubiri majibu.

*Imejifyatua ndani ya mkoba.* Utoe mkoba nje kwanza, ndipo uufungue, ukiwa umevaa glovu za plastiki. Vitu vigumu vifute kwa sabuni. Vya kitambaa vifue mara mbili. Fedha za karatasi na mikanda ya mkoba husahaulika, na kesho yake vidole vinabeba dawa hadi machoni.

*Imepulizwa ndani ya chumba.* Toka, fungua milango na madirisha, kaa nje hadi hewa ibadilike. Nyuso za meza na vitasa vioshwe kwa maji ya sabuni, na usizungushe feni inayoelekea ndani.

*Kizuizi kimelegea na hujifungua mfukoni.* Hakitengenezeki. Usikifunge kwa gundi au mpira, kwa kuwa siku ya haja utapambana na gundi. Badilisha kopo.

*Mtoto amelichezea.* Mwoshe kama ilivyoelezwa juu, na upige simu ya kituo cha sumu cha Marekani, 1-800-222-1222, ambayo ni bure na hupokewa saa zote. Ukiona anahema kwa shida, piga 911 badala yake. Baada ya hapo tafuta ndoano ya juu karibu na mlango, juu kuliko mkono wa mtoto aliyesimama kwenye kiti, na funguo na kopo vyote vitundikwe hapo unapoingia.

*Kopo limepita tarehe.* Usilitupe kwenye taka za kawaida wala kulitoboa, na lisikaribie moto. Wilaya na miji mingi ina kituo cha kupokea taka hatari za nyumbani, pale pale wanapopokea rangi na betri, lipeleke huko. Kabla ya kulipeleka, kama una uwanja wa nje na karatasi ya shashi inaonyesha upepo umetulia, tumia kilichobaki kujifunza jinsi la kweli linavyosukuma mkono, kwa kuwa la maji halisukumi sawasawa.